Nyuzi za Mwaitu Ukutani

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo hunisimamisha njiani kama mtu aliyeitwa jina: harufu ya katani mbichi ikichanganyika na mafuta ya cherehani. Juzi nilikuwa soko la Kabati nikitafuta kamba ya mbuzi. Muuzaji akanisogezea fungu zima puani, na jirani yake alikuwa fundi anayetia mashine yake mafuta. Papo hapo nikawa mtoto tena, nimelala chali mkekani katika nyumba yetu kule Kalamba, kijiji kizima kikinitazama kutoka ukutani.

Msinicheke. Nitawaeleza.

Mwaitu, ndivyo tulivyomwita mama, alikuwa fundi wa nguo, na duka lake lilikuwa nyumba yetu. Sisemi duka lilikuwa karibu na nyumba. Nasema duka ndilo lilikuwa nyumba. Meza ya kukatia vitambaa ndiyo tuliyolia chakula. Pini nilizikuta kwenye uji mara nyingi hata nikadhani ni aina ya mboga. Mteja angeweza kuingia wakati mwaitu anatuogesha, nasi tukabaki na povu masikioni huku mgeni akiulizwa kama anataka mkono mrefu au mfupi. Mbuzi wetu alikula kola ya shati la mwalimu, akatembea wiki nzima kwa heshima mpya. Lakini niseme na tamu yake pia: hatukuwahi kurudi kutoka popote tukamkosa mama. Mngurumo wa cherehani ulikuwa saa yetu, redio yetu na askari wetu wa mlangoni.

Sasa, mwaitu hakusoma. Mimi mwenyewe kusoma nilikuja kukupata ukubwani, darasa la jioni, mtoto mgongoni. Kwake zile namba za tepu ya kupimia zilikuwa siafu waliojipanga. Kwa hiyo alipima watu kwa nyuzi za katani alizozisokota pajani. Kila mteja na uzi wake: kutoka nchani hadi fundo la kwanza ni kiuno, hadi la pili ni kifua, na uzi mzima ni urefu wa gauni. Akimaliza anautundika msumarini, na hakukosea hata siku moja ni wa nani. Mimi husema nyuzi zilikuwa elfu. Ndugu yangu Muli husema hazikufika hamsini. Muli hajui raha ya kusimulia.

Mchana wa jua kali, upepo umekufa kabisa, nyuzi zile zilijipinda polepole zenyewe, kama watu wanaogeuka kuona nani ameingia. Juu yake, boritini, magauni yasiyo na vichwa. Nilijifunza kupita nikiwa nimeinama, nikisalimu.

"Usiuguse huo," mwaitu alikuwa akisema. "Huyo ni mtu."

Na mtu alipofariki, mwaitu aliushusha uzi wake, akaukunja, akaupeleka msibani ukatiwe ndani ya nguo za maiti. "Uzi wa mtu haubaki kupima wengine," alisema. Msumari uliobaki mtupu ulinitisha kuliko jeneza lenyewe.

Basi ikaja ile njaa ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika: pesa mkononi, na dukani hakuna unga wa kununua. Baba alikuwa kibaruani Mombasa. Pesa alituma, lakini pesa haichemki ikawa uji. Tulichokula ni kile ambacho wateja walimlipa mwaitu, kikombe cha kunde hapa, mtama kiganjani pale, kutoka kwa waliokuwa bado na kitu ghalani. Cherehani ikinyamaza, sufuria nayo ilinyamaza.

Mwaka huo wamama wa kanisa walikuwa wameagiza sare za buluu. Mwaitu aliwapima wote baada ya mavuno mazuri, wakicheka na kubana pumzi wasionekane wanene. Kitambaa kilikawia Nairobi, kikaja kushushwa kituo cha Salama miezi mingi baadaye, wakati mito imekuwa mchanga na ng'ombe wamekuwa ngozi juu ya vijiti. Mwaitu akashusha nyuzi, akakata, akashona kama nyuzi zilivyosema. Kila mama akachukua gauni lake kwenda kulijaribu kwao.

Jumamosi alasiri walirudi. Walikuja wote pamoja, kimya, wamevaa zile sare. Mwanamke wa Kikamba kuja kimya ni jambo la kuogopesha hata bila mengine. Niliwaona wakiingia uani kwenye ule mwanga mweupe, na ilionekana kama magauni ndiyo yanayotembea, na ndani hamna mtu. Kitambaa kilipwaya mabegani, kikaburuta vumbi. Mbele yao alikuwa Mama Ndunge, mwenyekiti wao, ambaye zamani akikaa kwenye benchi la kanisa wale wa upande wa pili walipanda juu.

"Mama Mwende," alimwambia mwaitu, "nguo gani hii? Hata punda wangu angeingia humu nami nikiwa ndani."

"Nilishona kama nilivyokupima."

"Ndiyo hayo tunayosema. Ulitupima, ukatutundika. Tangu siku hiyo tunaisha." Akaelekeza kidole mlangoni, kwenye ukuta. "Hizo nyuzi zinatula. Na wewe unazika watu nazo, tumeona. Leo tunazichoma."

"Tena sasa hivi," mwingine akadakia. "Mwende, leta moto."

Moto ulikuwa pale pale, kwenye pasi ya makaa. Mimi sikusogea. Nilikuwa namtazama mwaitu, na hata mimi mtoto nilijua hesabu hiyo: bila nyuzi hajui kupima; asipopima hashoni; asiposhona, hakuna kunde. Lakini pia, niwaambie siri, nilikuwa nawaamini. Usiku mmoja Muli alikuwa ameninong'oneza, "Unadhani zina meno?"

Mwaitu aliinuka taratibu. Akaenda ukutani, akashusha uzi wa Mama Ndunge, akamzungushia kiunoni. Ncha ilitakiwa kukutana na fundo la kwanza, la kiuno. Ilikutana nalo, ikalipita, ikaendelea, mpaka kipande kikubwa cha kiuno chake cha zamani kikaning'inia kama mkia. Wamama wakavuta pumzi kwa pamoja. "Uuui."

Kisha mwaitu akaenda pembeni mwa dirisha, kwenye msumari ambao sikujua ni wa nani, akashusha uzi mwingine. Akauweka mkononi mwa Mama Ndunge.

"Huu ni wangu. Nipime wewe."

Mama Ndunge akamzungushia mwaitu kiunoni. Muli huniambia natia chumvi, lakini ningeapa uzi ule, hadi fundo la kiuno tu, ulimzunguka mara mbili na kubaki wa kufungia ndama. Mama Ndunge alisimama ameshika ile ncha iliyozidi. Akamtazama mwaitu usoni, akatutazama mimi na Muli, shingo zetu, matumbo yetu, kisha akatazama chini kwenye buluu yote ile iliyolala vumbini.

Hakuna aliyelitaja neno njaa. Nilisikia makaa yakipasuka ndani ya pasi.

Mwaitu ndiye aliyesema. "Katani yenyewe ilikuwa mbaya. Imerefuka na joto. Makosa ni yangu. Ziacheni hapa, nitazipunguza."

"Ii," Mama Ndunge akajibu kwa sauti ndogo. "Joto la mwaka huu limezidi."

"Limezidi kabisa," wengine wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, kama kanisani.

Wakavua, wakajifunga leso zao, wakaenda. Jumatatu yake nilikuta kikombe cha kunde mlangoni, hakina mwenyewe.

Miaka mingi niliamini kweli nyuzi zilikuwa zikirefuka. Nilikuwa nikiziangalia asubuhi, nione upi umekaribia sakafu. Nilichokiona bila kukielewa ni jinsi mwaitu alivyozipunguza zile sare. Hakukata hata kipande. Kitambaa chote kilichozidi alikikunja kwa ndani, akakishikiza. Mvua ziliporudi, wamama walirudi mmoja mmoja wakilalamika nguo zinabana, na mwaitu akafumua mishono huku akitabasamu. Gauni la Susu Kavinya tu, bibi kizee wa ng'ambo ya mto, halikufumuliwa. Alizikwa nalo lilivyo, na uzi wake ndani.

Mwaitu naye ametutoka. Siku ya kumvisha, Mama Ndunge, mzee sasa na mnene tena, alileta wazo kuwa avae sare yake ya buluu, maana naye alijishonea ya kwake. Ilikuwa imepauka ikawa rangi ya majivu. Nilipoigeuza nikaona mshono wa ndani haujaguswa tangu mwaka ule. Alifumua wa watu wote, wake hakuufikia. Nikaufumua mimi. Kitambaa kikafunguka mkononi mwangu, ukanda mpana wa buluu mbichi ambayo jua halijawahi kuiona.

Mama Ndunge akauweka uzi wa mwaitu mle ndani, akaniambia nishone.