Wezi Walioleta Viti

Kwaruu. Kimya. Kwaruu tena.

Kitu kilikuwa kinakwaruza saruji mlangoni kwangu, na nje bado giza. Nikamvuta mwanangu Mucyo kifuani. Nikajua leo tumevamiwa.

Lakini mwizi gani huyu, mbona anasukuma kitu ndani badala ya kutoa?

Nikawasha tochi ya simu. Kiti chekundu cha sofa kimekwama mlangoni, na nyuma yake Leila, yule fundi cherehani jirani yangu, jasho linamtiririka. Nyuma ya Leila, jirani mwingine, Kabagwira, kabeba zulia kichwani na chupa ya chai mkononi.

"Gaju, sha, mwenzangu, usisimame tu hapo. Shika huku," Leila akaninong'oneza.

Niwaeleze kwanza. Mimi nauza parachichi kwa beseni hapa mtaani kwetu, Rwezamenyo. Kutembeza bidhaa hakuruhusiwi, kwa hiyo nauza huku nawakimbia askari. Jioni nasoma ushonaji kwenye darasa la kina mama. Sare ya shule naishona vizuri kabisa. Cherehani ndiyo sina.

Leila ndiye aliyetukusanya wanawake wa kichochoro chetu tukawa kikundi. Akalisumbua shirika moja miezi na miezi mpaka wakachoka naye. Wakakubali kutoa vyerehani kwa kina mama wasio na kitu, ila kwanza waje waone tunavyoishi.

Siku yenyewe ndiyo hiyo.

Nikamuuliza Leila, sasa mbona tunapamba? Si wanakuja kuona shida?

Akanitazama kama nimemtukana. "Mgeni aje akalie jerikani? Unataka waseme sisi ni wachafu?"

Ile chupa Kabagwira alipewa harusini, hata mumewe haruhusiwi kuigusa. Mtu akikuletea kitu kama hicho alfajiri, utamwambia nini?

Nikatundika pazia.

Mgeni alikuwa dada kijana, Trinah, kakulia Uganda. Akaketi, akanywa chai, akatazama huku na huku. "Mama, hapa iko vizuri kabisa," akasema, kidole kinagonga tabuleti.

Nilitaka kusema. Nikatabasamu, nikamwongezea chai.

Alipotoka tu, kiti kikapitishwa uani hadi kwa Kabagwira. Kisha kwa Kanyange, nyumba inayofuata. Nyumba ya mwisho Trinah akacheka, kumbe wamama wa hapa wote mnapenda viti vyekundu.

Tukacheka naye. Wajinga sisi.

Majibu yakaja kwa simu ya Leila: kichochoro chetu kinajiweza. Vyerehani vitapelekwa mtaa mwingine, Ndera.

Nililia kwa hasira. Nikamfuata Leila nikamwambia waliotunyima si shirika, ni yeye na viti vyake. Naye akanijibu kwamba mdomo nilikuwa nao siku ile, nani alinishonea? Tukaacha kusalimiana.

Kisha Trinah akaja kwenye mkutano wa jioni wa wazazi wa mtaa wetu, kutuaga. Nimeapa leo nasema. Nikasimama, Mucyo kanishika sketi.

Nikamwona Kabagwira kainamisha uso. Leila anachezea ncha ya mtandio wake. Nikisema, nawaita waongo mbele ya mtaa mzima, watu walionibebea vyao gizani kwa mapenzi tu. Nisiposema, narudi kukimbia na beseni.

Wamama wenzangu mnaosoma hapa, niliyojifunza nikiwa nimesimama pale ni haya: umaskini wetu tuliuficha vizuri mpaka ukakosa wa kuuona. Wakubwa walitakiwa kuiona aibu, sisi tukaitandikia zulia. Msifanye hivyo. Semeni wenyewe, mapema, kabla hamjasemewa.

Maana Trinah aliniuliza, "Mama Mucyo, ulitaka kusema nini?" Mimi nikamtazama Leila kwanza.

Mucyo akaniachia sketi, akamjibu, mkutano mzima unasikia:

"Kwetu tunakaa chini."