Mtu wa Kukaa Kiti cha Nyuma

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, saa kumi jioni, nikiwa na akili zangu zote. Sikuambiwa na mtu.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu husema hata chumvi huionja kabla sijakubali kwamba ni chumvi. Hapa Birmingham nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao, huku Northfield, na gari nililonalo nililinunua kwa muumini mwenzangu kanisani. Lilikuwa zuri, ila lilikuwa na ugonjwa wake. Likifika maili hamsini na tano kwa saa linaanza kutetemeka. Likipita sitini, linatulia kimya. Ukirudi hamsini, kimya. Sasa niambie, gari gani hilo linalochagua mwendo wa kuugulia? Nilimshuku yule muumini mpaka nikawa sifumbi macho wakati wa maombi.

Na sikuwa na muda wa kubahatisha. Binti yangu Nafula alikuwa anakuja Alhamisi. Nilimwacha Bungoma akiwa na miaka mitatu, sasa ana saba, na mimi ndiye wa kumpokea uwanja wa ndege na kumleta nyumbani kwa barabara kuu. Ningempandishaje mtoto kwenye gari linalotetemeka?

Nikaenda Hockley kwa Papa Amani, fundi Mkongomani. Akasawazisha magurudumu ya mbele kwa vile vyuma vidogo vya risasi, tukajaribu, wapi. Akakuna kichwa.

"Ndugu, ikitikisa usukani, ni mbele. Ikitikisa kiti, ni nyuma. Acha nitoe pneu, hizi tairi za nyuma, niangalie muzuri."

Mimi nikaona huyu anataka kunitafutia kazi ya bure. Nikamwambia usukani ndio unaotikisika, nyuma hakuna shida. Kusema kweli sikuwa na hakika.

"Bon," akasema. "Basi tafuta mutu akae nyuma, aweke mukono kwa kiti. Yeye atakuambia."

Mtu nimtoe wapi Jumanne, kila mtu yuko kazini? Nikarudi Northfield, nikasimama kujaza mafuta. Mwezi wa Desemba huku saa kumi giza limeshaanza. Nilipokuwa nafunga kifuniko cha tangi, nikasikia mtu nyuma yangu.

"Ndugu, si unatafuta mtu wa kukaa nyuma?"

Kiswahili cha kwetu kabisa, cha Bungoma. Nikageuka. Mwanaume wa makamo, kofia ya sufu imeshuka mpaka nyusi, koti jepesi kwa baridi ile. Nikajiambia, Papa Amani amemtuma. Lakini Papa Amani angejuaje nimesimama hapo? Niamini, swali hilo lilinijia palepale, na nikalimeza. Mwenye shida hachagui, na mimi Alhamisi ilikuwa imenikaba koo. Akaingia nyuma upande wa kushoto, akafunga mkanda. Nikausikia ukilia ta!

Tukaingia barabara kuu. Arobaini, hamsini, kimya. Hamsini na tano, gari likaanza.

"Umesikia?" nikamuuliza. "Ni wapi?"

"Gurudumu hili langu. Si huku nje, ni upande wa ndani. Hata langu lilipasukia hapo hapo. Nilikuwa naenda mwendo huu huu."

Nikatazama kioo. Alikuwa amevua kofia, anatabasamu, na jino moja la juu halipo. Pengo lile nililijua. Nililiona kwenye tangazo la msiba, kwenye simu yangu, mwezi wa Septemba.

Hapa lazima nikuambie jambo ambalo nimewaficha wengi. Septemba ile alifariki Mkenya mmoja, Wekesa, kwa ajali kwenye barabara kuu hiyo hiyo. Sikumjua. Lakini mama yake alisikia kuna mtu wa Bungoma Birmingham, akanipigia simu. Kwetu, mtu akifia safarini, mtu wa kwao humwendea akamwita kwa jina, akamwambia, "Twende nyumbani," na njiani akamtajia kila daraja na kila mji, asije akabaki. Wengi mmesikia gari la maiti likigoma kwenda mpaka marehemu abembelezwe. Mama aliniomba hilo tu. Nami nikafika pale wanapohifadhi miili, Mzungu mwenye suti akanifungulia mlango kwa adabu, nikaona haya. Nitaanzaje kuzungumza na sanduku mbele ya Mzungu? Na mimi ni mtu wa kanisa! Nikainamisha kichwa kidogo, nikatoka. Jioni nikampigia mama: "Nimemwambia, mama. Amekubali." Akalia kwa kushukuru. Mwili ukasafirishwa.

Sasa mwenye mwili alikuwa nyuma yangu.

"Mama alikuomba unifanyie nini?" akauliza. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Nilishuku anataka kunimaliza, nilishuku nikisimama atanifuata, nikiongeza mwendo gurudumu litapasuka. Nikamfikiria Nafula akisimama peke yake na begi lake uwanja wa ndege. Basi nikafungua mdomo.

"Wekesa, twende nyumbani. Sasa tunaiacha Northfield. Hapa tunapita chini ya daraja. Hapa barabara inagawanyika, tunashika ya uwanja wa ndege." Sauti ilikuwa inakatika, lakini nilitaja kila daraja, kila kibao. "Ukishuka Nairobi, shika njia ya Nakuru, halafu Eldoret. Ukivuka mto Nzoia, mama anakungoja."

Sijui ni wapi gari liliacha kutetemeka. Nilipoangalia, mshale ulikuwa hamsini na saba, na gari limetulia. Nilisimama kwenye maegesho ya uwanja wa ndege ndipo nikathubutu kugeuka. Hakuna mtu. Mkanda ulikuwa bado umefungwa.

Kesho yake nikampelekea Papa Amani. Alitoa gurudumu la nyuma kushoto, akalizungusha, akaniita nione. Upande wa ndani, pasipoonekana ukiwa umesimama nje, palikuwa na uvimbe mkubwa kama yai, nyuzi za chuma zinachungulia.

"Ndugu, hii ingekuua weye na mutoto. Nani alikuambia ni kwa ndani?"

Nikamwambia nimebahatisha. Akanitazama kama anayejua ninadanganya.

Jioni nikampigia Mama Wekesa nimwambie ukweli, nimwombe msamaha. Hakunipa nafasi. "Mwanangu, jana mbwa walibweka langoni, halafu wakanyamaza wote pamoja, wakaanza kutikisa mikia. Hakukuwa na mtu. Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu Septemba. Mungu akubariki ulivyomsindikiza." Nikasema, "Amina, mama." Mpaka leo sijamwambia. Ninaona aibu hiyo kila nikifunga mkanda.

Alhamisi Nafula alifika. Gari lilikuwa na tairi jipya, halikutikisika kabisa. Lakini alipotaka kuingia nyuma kushoto nilimshika mkono, nikamzungusha upande wa pili.

"Baba, pale kuna mtu?"

"Hapana. Alikuwepo. Ameenda kwao."

Nikaondoa gari, na bila kupanga nikajikuta nasema: Nafula, hapa tunatoka uwanja wa ndege, hapa tunapita chini ya daraja, nyumbani ni karibu. Alinicheka. Mwaka wa pili huu, bado nataja, na sasa ananijibu kwa Kiingereza kwamba anajua njia.

Wewe unayesoma, gari likikutikisa kwa mwendo fulani tu, usiseme litapona. Mpe fundi magurudumu yote manne, hata kama unamshuku. Na ukitumwa kumwita marehemu wa watu, mwite. Mzungu wa suti atakusikia dakika mbili, basi. Wekesa alinisubiri miezi mitatu.