Marehemu Fanuel Hakuanguka Mtihani

Wapo watu mjini Voi, na baadhi yao hunywa chai kwangu, wanaosema kwamba marehemu mume wangu Fanuel, yule Bwana Mifugo aliyejulikana kutoka Werugha mpaka Kasigau, alianguka mtihani wa darasa la nane mara tatu. Juzi mmoja aliyasema hayo kwenye harusi, mbele ya kipaza sauti, na watu wakacheka. Nilinyamaza kwa heshima ya bibi harusi. Sasa bibi harusi ameshakwenda kwake, nami naweza kusema.

Fanuel hakuanguka. Hakuruhusiwa kuufanya mtihani wenyewe, na aliyemzuia ni ng'ombe.

Shule yetu ya misheni ilikuwa juu milimani, kwenye ukungu, na ilikuwa na ng'ombe mmoja wa kizungu aliyeachwa na mmisionari aliyerudi kwao. Tulimwita Bibi Askofu, kwa jinsi alivyotembea kama anayengojea kupishwa njia. Alitoa maziwa mengi, lakini kwa mtu mmoja tu. Mwingine yeyote aliyemkaribia na ndoo alirushwa teke. Mtu huyo mmoja alikuwa Fanuel.

Naye mwalimu mkuu, Mwalimu Donald, hakuweza kunywa chai isiyo na maziwa. Alisema strungi ni chai ya matanga.

Miaka ile ya hamsini, mwalimu mkuu ndiye aliyeamua nani yuko tayari kufanya mtihani. Kila mwaka Mwalimu Donald alisimama mbele ya darasa la nane, akataja watahiniwa, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni. "Fanuel hajaiva. Arudie." Fanuel akarudia, huku akiwafundisha hesabu watoto wa darasa la tano. Alikuwa na ndevu tayari.

Ndipo alipotaka kunioa. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, na baba yangu, Mzee Stephen, alikuwa katekista asiyependa mzaha.

"Sikumsomesha Elsie mpaka ualimu," alisema baba, "ili aolewe na mtu aliyeota mizizi darasa la nane."

Hata hivyo ndugu za Fanuel walikuja kuposa, wakiongozwa na shangazi yake, Wakio. Baba akamwita Mwalimu Donald awe shahidi. Mimi nilikuwa jikoni, mlango ukiwa wazi kidogo, nikichambua mchele ambao hata haukuwa na mawe.

"Mwalimu," baba aliuliza, "huyu kijana ana akili au hana?"

Mwalimu Donald alipuliza chai yake. "Ana bidii."

"Sikuuliza bidii. Hata punda ana bidii."

"Basi, mzee, hesabu zake zinahitaji mwaka mmoja zaidi. Au miwili."

Nilitaka kutoka jikoni na ungo wangu. Shangazi Wakio akanitangulia.

"Mwalimu, chai hiyo ni tamu?"

"Tamu sana, mama."

"Maziwa ya nani?"

"Ya shule. Yale ya Bibi Askofu."

"Na alikamua nani?"

"Fanuel."

"Haya. Fanuel akifaulu, aende zake, atakamua nani?"

"Lakini mama, hiyo ndiyo sababu mimi kila mwaka..." Mwalimu Donald akakomea hapo hapo, mdomo wazi, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani na kujua ni nini.

Baba akaweka kikombe chini. "Donald! Umemfunga mtoto wa watu kamba moja na ng'ombe?"

"Mzee, ni ng'ombe mgumu sana."

"Mwaka huu kijana atafanya mtihani. Akifaulu, Elsie ni wake. Asipofaulu, mrudishe kwa ng'ombe wako."

Basi Mwalimu Donald ikambidi ajifunze kukamua. Siku ya kwanza alirudi bila ndoo. Siku ya pili alirudi bila miwani. Mwishowe Fanuel mwenyewe, ambaye hakuwa na kinyongo, alimwonyesha siri: Bibi Askofu alitaka harufu ya koti la kijeshi la Fanuel, kofia yake ivutwe mpaka masikioni, na wimbo wa sauti nzito, besi, usiokatika mpaka tone la mwisho. Ukikatika, teke.

Kwa hiyo majira yote ya mtihani, na hata baada yake, mwalimu mkuu alivaa koti la mwanafunzi wake na kumwimbia ng'ombe asubuhi na jioni. Naye Fanuel aliingia kwenye mtihani na shati tupu, katika baridi ile yetu, akitetemeka hadi dawati likatetemeka naye. Wanaosema hakujua kitu waje wajaribu kugawanya sehemu kwa sehemu huku meno yakigongana.

Matokeo yalipotoka, baba alikuwa Voi. Alisikia huko huko kwamba Fanuel amewapita wote wa upande wetu. Akadandia lori la mboga lililokuwa likirudi milimani, akawachukua wazee wawili wa kanisa wawe mashahidi, na bila kupitia nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye zizi la shule. Aliona koti. Aliona kofia. Alisikia besi.

"Mwanangu Fanuel!" baba aliita. "Umefaulu! Simama nikupe mkono."

Koti halikusimama. Liliendelea kuimba.

"Mnaona unyenyekevu huo?" baba aliwaambia wazee. "Nilimdhania vibaya kijana huyu. Fanuel, sikiliza. Mbele ya wazee hawa nimekupa binti yangu Elsie, umwoe, umtunze kama unavyomtunza huyo ng'ombe."

Wimbo haukukatika, ila maneno yake yalibadilika.

"Miye Donaaald, mzee wanguuu," besi iliimba, "nina mke, nina wana sabaaa..."

Mzee mmoja wa kanisa alishika mti wa zizi asianguke. Mwingine alilia machozi. Baba peke yake hakucheka. Alirekebisha tai yake.

"Neno limeshatoka," alisema. "Limepewa koti, na koti ni la Fanuel. Mimi si mtu wa kurudia maneno." Akageuka aende.

Langoni alikutana na Fanuel mwenyewe, ametoka kupalilia viazi vya mama yake, amekuja kuchukua koti kwa sababu ukungu ulikuwa unashuka.

"Shikamoo, mzee. Kuna habari yoyote kutoka Voi?"

"Muulize mwalimu wako," baba alijibu, akaenda zake.

Na hivyo ndivyo mume wangu alivyoarifiwa kwamba amefaulu, na kwamba anaoa: kwa besi, beti mbili nzima, kwani ndoo ilikuwa bado haijajaa.