Rangi ya Mashua Juu ya Gari la Babu

Kila nipitapo mahali panapopakwa rangi mashua, harufu yake hunisimamisha, na msinicheke, bado nashtuka kama siku ile.

Babu yangu, Mzee Kombo, alikuwa na gari la spoti la Kitaliano, jekundu, fupi, la viti viwili. Aliachiwa na tajiri wake wa mikarafuu alipohamia Maskati. Lilikaa bandani kwetu Pujini, likinuka karafuu na mavi ya kuku. Jioni mojamoja babu aliliwasha, nikapanda, tukazunguka kijiji kwa mngurumo uliowakimbiza mbuzi wa watu.

Ndipo akaja Mtaliano mmoja mkaazi wa Malindi, mkusanyaji wa magari ya kale, Kiswahili chake safi. Alilipapasa gari kwa vidole, kisha akataja bei iliyomtoa bibi machozi. Bibi yangu huyo, Bi Asha, alikuwa akiiomba hija tangu ujana wake. Mtaliano akaahidi kurudi kulichukua baada ya wiki mbili.

Kwetu mgeni hapokewi na uchakavu. Sikukuu ikikaribia hata kuta hupakwa chokaa, seuze gari linalompeleka mtu Makka. Babu aliukwangua wekundu wote kwa msasa mpaka bati likang'aa, na bibi, huku akisoma kasida, akakoroga rangi ya mashua iliyoletwa kwa baiskeli kutoka Tumbe, kijani na nyeupe. Viti akavivisha foronya za maua. Lilipendeza, wallahi.

Mtaliano aliporudi alisimama mlangoni mwa banda, mkono kichwani. Kisha akakaa chini, vumbini, na suruali yake nyeupe. Sijapata kuona mtu mzima akipauka namna ile.

"Yakhe, kwani tumekosa nini?" babu akauliza.

"Mzee, nilichokitaka ni ile rangi ya zamani, na mikwaruzo yake. Sasa silitaki tena."

Aliyemjibu mgeni ni bibi.

"Mwanangu, inuka ukanawe. Wali unapoa."

Mgeni akala, akaenda zake. Mimi nilifurahi mno, gari limebaki letu. Nikamkimbilia bibi jikoni, nikamkuta anajifuta macho kwa ukaya aliojitanda kichwani.

"Rangi hii inaniwasha," akaniambia.

Nilimwamini. Bibi alizikwa pale pale Pujini, Makka hakuiona. Siku ya maziko yake ndipo nilipokumbuka kuwa aliporudi Mtaliano, rangi ilikuwa imeshakauka tangu juzi yake.