Shahidi Alisema kwa Kiswahili

Siku ya kwanza nilipoingia mahakamani kama mwendesha mashtaka, karani wa mlangoni alinitazama kuanzia mtandio hadi viatu, akaniuliza kama mimi ndiye mkalimani wa Kisomali waliyekuwa wakimngoja. Nikamwambia, "Mimi ndiye ninayeshtaki." Akacheka akidhani namtania, mpaka aliponiona nimekaa meza ya mbele na kufungua mafaili yangu. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii leo siwasimulii haya ili mnionee huruma. Nataka mjue tu kwamba tangu asubuhi ile sikuwahi kumwomba mtu ruhusa ya kukaa kwenye meza hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mahakama ndogo za London, ambazo mahakimu wake wengi si wanasheria bali raia wanaojitolea, husikiliza kesi za wizi wa dukani, ngumi za mitaani na madereva wasio na leseni. Wachanga tulianzia huko. Asubuhi unakabidhiwa rundo la mafaili, mengine hujawahi kuyaona, na kabla chai yako haijapoa umeshaitwa usimame useme. Mchana unakula mkate wima. Jioni unarudi na treni iliyoshona watu, kichwani umebeba habari za visu na vilio, na ukifika nyumbani huruhusiwi kumsimulia mtu. Ndiyo maana wengi wetu tulichumbiana wenyewe kwa wenyewe. Nani mwingine angetuvumilia?

Mkuu wa Kitengo alikuwa mama mrefu wa Kiskoti aliyepanda ngazi tangu ukarani. Wiki yetu ya kwanza alituita ofisini kwake, akatuacha tumesimama.

"Polisi si wateja wenu," alisema. "Aliyeumizwa naye si mteja wenu. Hamna mteja. Mnaulizwa maswali mawili tu. Ushahidi unatosha kumtia mtu hatiani? Na kama unatosha, kesi hii ina maslahi kwa umma? Swali la kwanza likijibiwa hapana, la pili msilifikie."

Nilimpenda kwa maneno yale, na kwa miaka kadhaa nilimwiga hata anavyosimama.

Nyumbani kwetu, karibu na Edgware Road, kazi yangu haikutajwa. Baba yangu alipokuwa kijana Pemba alichukuliwa na watu wa serikali, akafungwa bila kushtakiwa, akaachiwa bila kuelezwa alifungwa kwa nini. Alipoweza kuondoka aliondoka nasi, mimi nikiwa mdogo wa kubebwa. Kwake yeye, mtu wa serikali ni mtu wa serikali, awe na kofia ya chuma au joho la mahakama. Nilipomwambia nimepata kazi, aliweka kikombe chini.

"Nimewavusha bahari," alisema, "ili mwanangu akawe upande wa wafungaji?"

Sikuwa na desturi ya kumjibu baba. Siku hiyo nilimjibu. "Baba, wewe hukupata mtu wa kukushtaki. Angekuwepo, angelazimika kusimama mbele ya watu aseme umefanya nini, na aonyeshe amejuaje. Kazi yangu ni hiyo."

Aliondoka akaenda mkahawani kwa wenzake. Baadaye nilisikia kuwa amewaambia mimi ni karani wa posta, na waliendelea kuamini hivyo kwa muda mrefu.

Ofisini nilikuwa na mchumba, Majid, mwendesha mashtaka kama mimi. Wazazi wake ni wa Unguja lakini yeye alizaliwa hapahapa. Kiswahili alikielewa, ila alijibu kwa Kiingereza. Alikuwa na akili nyingi na haraka ya kupanda cheo, nami sikuona ubaya wowote. Mama alishaagiza vitambaa vya harusi kutoka Maskati.

Basi ikaja kesi niliyokusudia kuwahadithia. Kijana mmoja alipigwa chupa usoni nje ya duka la kinyozi, kusini mwa mji, jioni watu wakitoka kazini. Akapoteza jicho. Polisi walimkamata jirani yake, mtu mkorofi aliyejulikana kwa fujo na aliyewahi kugombana naye. Kosa kama hilo huenda mahakama ya juu, mbele ya jaji na juri, yaani raia kumi na wawili wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia. Huko ofisi yetu humwajiri wakili mzoefu wa kusimama na kusema, na mwendesha mashtaka mchanga hukaa nyuma yake akiwa mwenye faili. Mwenye faili nilikuwa mimi.

Kesi yote ilimtegemea shahidi mmoja, Mama Furaha, mwanamke wa Bukavu, Congo, aliyekuwa akisafisha maofisi. Alikuwa amesimama kituo cha basi ng'ambo ya barabara. Polisi walipomwonyesha picha za watu mbalimbali kwenye video, alimchagua mshtakiwa. Maelezo yake alikuwa ameyatoa kwa Kifaransa kupitia mkalimani.

Asubuhi ya ushahidi wake nilikwenda kumsalimia koridoni. Sheria inaturuhusu kumsalimia shahidi na kumweleza chumba kilivyo, basi. Kuzungumza naye habari za ushahidi ni mwiko. Nilimsalimia kwa Kiingereza, akaitikia kwa kichwa. Naamini alinidhani Msomali, kama wengi walivyonidhani. Sajenti wa upelelezi, ambaye kesi ilikuwa yake, alikaa kando yake akimtuliza. Mkalimani alikuwa bado hajafika. Mama Furaha alimgeukia mpwa wake aliyemsindikiza, akasema kwa Kiswahili cha kwao, taratibu kabisa:

"Mie sikuonaka uso yake. Nilionaka koti tu. Ule polisi alisema ni yeye, basi na mie nikasema ndiyo."

Mpwa akamwambia anyamaze. Sajenti akatabasamu na kumpa maji. Hakuelewa hata neno moja. Koridoni pale, mbali na mpwa, aliyeelewa nilikuwa mimi peke yangu.

Hapa niwaeleze jambo ambalo ndilo uti wa mgongo wa kazi hii. Mwendesha mashtaka ana wajibu wa kuweka wazi. Akipata kitu chochote kinachodhoofisha kesi yake, au kinachousaidia upande wa utetezi, lazima awakabidhi, hata kama kitu hicho kitaua kesi. Darasani ni somo jepesi. Koridoni halikuwa jepesi.

Nilitoka nje nikampigia simu Mkuu wa Kitengo, nikamweleza.

"Ngoja aingie kizimbani," alisema. "Kama hakuona, utetezi watambana na atasema."

"Na wasipombana?"

"Zuhura, una hakika ulisikia vizuri? Yeye ni wa Congo. Wewe ni wa visiwani. Kiswahili chake si chako."

Nitakuwa mkweli, ule ulikuwa mlango mpana. Ningeupita na hakuna ambaye angenifuata kuniuliza. Lahaja mbili, koridoni pana kelele, labda sikusikia sawasawa. Lakini nilikuwa nimesikia sawasawa. Nami kuambiwa sikijui Kiswahili, tena na mtu asiyejua hata kusema asante, kulinipandisha hasira iliyonisaidia.

"Lahaja zinatofautiana," nikamwambia. "Sikuona ni sikuona, Pemba na Bukavu."

"Nakuagiza usubiri mpaka nije."

"Shahidi anaingia sasa hivi," nikasema, nikakata simu. Sikuwahi kumkatia simu mkubwa wangu kabla ya siku hiyo.

Nikamwendea wakili wetu, mzee mwenye ndevu nyeupe, nikamwambia yote. Aliinamisha kichwa, kisha akaniambia, "Twende wote." Tukawaendea mawakili wa utetezi, nami nikarudia maneno ya Mama Furaha kama yalivyotamkwa na maana yake. Toka hapo sikuweza tena kuwa mwenye faili, kwa sababu nimegeuka shahidi. Jaji aliwatoa juri nje. Nikapanda kizimbani, nikaapa kwa Msahafu, nikasema nilichosikia, na Sajenti ameketi mbele yangu uso umemwiva.

Mama Furaha alipoulizwa na jaji alilia, akakiri ni kweli. Alisema Sajenti alimwambia mapema kuwa mtu wao ameshapatikana, naye alidhani kazi yake ni kukubali. Bila yeye hapakuwa na kesi. Jaji akawaelekeza juri wamwachie mshtakiwa, naye akatoka akituonyesha kidole cha matusi.

Koridoni Mama Furaha alinishika mkono. "Kumbe unajuaka Kiswahili," alisema. "Na ukaninyamazia."

"Sikuruhusiwa kuongea nawe, mama."

"Lakini kunisikiliza uliruhusiwa."

Akaniachia mkono akaenda zake. Nyuma yake alisimama baba wa yule kijana, fundi wa bomba, bado amevaa suti aliyoivaa kwa ajili ya mahakama.

"Wewe ulikuwa wakili wetu," alisema.

"Hapana, mzee wangu. Sikuwa wakili wenu."

"Mwanangu ana jicho moja."

"Tungemfunga asiyefanya, aliyefanya angebaki mtaani kwenu."

Alinitazama. "Sasa wako mtaani wote wawili," alisema.

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata. Nawaambieni ili msidhani kufanya lililo sawa kunakuja na jibu la kila mtu.

Kilichofuata kilikuwa cha kutarajiwa. Polisi wa kituo kile waliacha kupokea simu zangu. Mkuu wa Kitengo aliniita, safari hii akanikaribisha kiti, akasema ameona nitafaa zaidi Croydon, pembezoni mwa mji, kwenye mafaili ya trafiki. Akaongeza kuwa nikiandika kwamba nilipaswa kumsubiri, ataangalia tena uamuzi huo.

"Sitaandika," nikasema. "Wewe ndiye uliyetufundisha kuwa hatuna mteja."

"Nilikufundisha pia kuna mkubwa."

"Hilo silikumbuki."

Majid alinifuata mpaka kituo cha treni. Alisema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba hakuna anayesema nimekosa, ila ningeweza kuacha mambo yajitengeneze. Alikuwa ameomba nafasi ya juu katika kitengo kilekile, na sasa kila akipita watu wananong'ona kuwa ni mchumba wangu. Akaniomba niombe radhi, neno moja tu, kwa ajili yetu.

"Majid," nikamwambia, "ungekuwa wewe koridoni pale, ungesema?"

Alifikiri sana. Ninamheshimu kwa kutonidanganya. "Sidhani," alijibu, na hilo alilisema kwa Kiswahili.

Vitambaa vya Maskati aliolewa navyo mdogo wangu.

Jioni niliporudi nyumbani baba alikuwa mezani. Mama alishamdokeza. Akaniambia nimsimulie mwanzo mpaka mwisho, nikamsimulia, pamoja na Croydon na Majid. Alisikiliza huku akichambua mwiba wa samaki.

"Ndiyo kusema hakuna aliyejua kuwa umesikia," alisema.

"Hakuna, baba."

"Na mwenyewe ukenda ukasema."

"Nilisema."

Akanisogezea sahani. "Kula, mwanangu." Wiki ile nilipopita mkahawani kwao, wazee wote waliinuka kunisalimia, na mmoja akaniuliza lini niliacha posta.

Croydon nilikaa miaka. Kulikuwa na majengo marefu ya ofisi, tramu, na watu wa kila bara wamepanga foleni kwenye jengo la uhamiaji tangu alfajiri. Walionipeleka walitaka nichoke niache. Sikuacha. Nilishtaki walevi wa usukani kana kwamba kila mmoja ni kesi ya juri, na faili langu halikuwahi kurudishwa na jaji kwa uzembe. Akaja mkuu mwingine aliyetazama kazi, akanirudisha mahakama za juu. Mwisho nikawa Mkuu wa Kitengo mwenyewe. Vijana walioletwa kwangu niliwapa viti, halafu nikawauliza maswali yaleyale mawili, kwa kuwa maneno yalikuwa sahihi hata kama aliyeyasema aliyaogopa siku moja.

Siku ya kuniaga, bosi wangu wa zamani alikuja akitembelea fimbo. Alikata keki yake vipande vidogo, akasema, "Bado naona ulikosea kunikatia simu."

"Nami bado naona sikukosea," nikamjibu. Tukala keki.

Sasa nimestaafu, na Jumapili nyingine hunijia vijana wetu walioingia kazi hii, wa Dar, wa Mombasa, wa visiwani, wanakula pilau na kulalamikia wakubwa wao. Majuzi binti mmoja wa Tanga, mwaka wake wa pili kazini, aliniuliza kama aliyempofusha yule kijana alipatikana. Wote hutaka niseme alipatikana. Hakupatikana. Sajenti, kabla hajaacha kazi, aliniambia ana hakika mpaka leo kwamba alikuwa yuleyule tuliyemwachia.

"Na kama ni kweli alikuwa yeye, bibi?" binti aliuliza.

"Basi alikuwa yeye, na hatukuweza kuthibitisha."

"Na usingizi unaupata?"

"Siku nyingine siupati," nikamwambia. "Na nikiwekwa koridoni pale kesho, nitakwenda kusema tena."