Suali la Baba Juu ya Marais wa Marekani

Baba hakumpa mgombea kura yake mpaka kwanza amwambie ni rais gani wa Marekani aliyekuwa bora kuliko wote. Ujanani, huko Unguja, alikuwa karani wa Mmarekani mmoja mnunuzi wa karafuu, na huyo ndiye aliyemfundisha marais hao kwa mpangilio. Tuliporudi Oman tukakaa Ibra, alikuja nao wote kichwani. "Mtu akikwambia anamhusudu nani," alikuwa akisema, "ushajua na yeye akipewa kiti atakikalia vipi."

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wawakilishi wa Majlis ya Shura, baraza la kuishauri serikali, hawakuchaguliwa na kila mtu. Walioulizwa ni baadhi ya watu wa mji, na baba alikuwamo. Basi wagombea wakaja kwenye sabla yetu, chumba cha wageni wa kiume, mmoja leo, mwengine kesho. Sisi wanawake tulikuwa upande wa pili wa mlango, tukipitisha halwa na kahawa, masikio yote kule.

Wa kwanza, muuza magari, alimsifu yule jenerali aliyeshinda vita vya Ulaya kabla ya kuwa rais. "Huyu atatupigisha kwata," baba alisema alipoondoka. Wa pili alimtaja yule kijana mzuri wa sura aliyepigwa risasi. Baba akamuuliza alifanya nini hasa, na yule bwana akaishia kusifu suti zake. Nilicheka mpaka mama akanifinya.

Wa tatu alikuwa mdogo wangu mwenyewe.

Alasiri ile alinifuata jikoni, kanzu imepigwa pasi, anatoka jasho. "Dada, wallahi mimi simjui hata mmoja. Nisaidie."

Mimi nilikuwa nikisomesha historia skuli ya wasichana. Nikamwambia huku nakata vitunguu: "Sema wa kwanza wao. Watu walitaka aendelee, yeye akasema khalas, akarudi zake shamba. Kukamata kiti kila mtu anaweza. Kukiachia ndiyo kazi."

Jibu lile nilikuwa nalo tangu chuoni. Nililing'arisha miaka, nikingoja baba aniulize na mimi. Hakuniuliza. Atamuulizaje mtu wa kuchemsha kahawa?

Usiku huo mdogo wangu alilisema lote, hata pale nilipopumua alipumua. Kisha baba akafanya jambo ambalo sijapata kuliona: akachukua dalla, birika la kahawa, akammiminia mwanawe kwa mkono wake. Kwetu mtoto ndiye anayemtilia baba, hata mtoto awe waziri. Nilikiona kile kikombe kwenye upenyo wa mlango, na roho iliniuma nikataka kulia. Maneno yalikuwa yangu. Kwa nini kikombe kiwe chake?

Baba alipoingia ndani kula, uso ulikuwa unamwaka kwa furaha. "Njoo, mama, nikusomeshe kitu," akaniambia, na akanieleza habari ya rais wa kwanza wa Marekani mwanzo mpaka mwisho. Nikasema mashallah.

Mdogo wangu akapata kiti. Akakipenda. Tulipoingia miaka ya elfu mbili, kila mtu akaruhusiwa kupiga kura, naye akasimama tena, na tena, picha yake imebandikwa hadi kwenye barabara ya Sur. Kila nikipita pale kwa gari nilikuwa nikiangalia upande wa milima. Watu waliniambia bahati yako, una ndugu mheshimiwa. Nilikuwa nikijibu alhamdulillahi na huku nasaga meno.

Baba alipokuwa mtu mzima sana, marais walianza kumpotea. Jioni moja tulikuwa peke yetu kwenye sabla, mimi na yeye. Siku hizo wageni walikuwa wakienda kwa mdogo wangu.

"Hivi nani aliyenambia habari za yule wa kwanza," akauliza, "aliyekiacha kiti mwenyewe?"

"Mimi, baba."

Akacheka, akanipapasa mkono kwa huruma.

"Wewe ulikuwa nyuma ya mlango, mama. Ulimsikia nduguyo akisema."

Kisha akaninyooshea kikombe. Nikamtilia kahawa.