Shauri la Chiriku

Karakana ya Mama Makochi ilikuwa kwenye kona, kati ya duka la vioo na kinyozi, na siku zote ilikuwa na mahali pa kukaa, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi ya watu. Mtu akileta kochi lililobonyea, alilipindua miguu juu, akalipasua tumbo, akatoa sponji iliyochoka, akakaza mikanda na kugongelea kitambaa kipya. Alizoea kusema kwamba kochi halijui kutunza siri. Ndani ya makochi ya watu wa mtaa ule alikuwa ameokota vijiko, pete, meno ya bandia, na siku moja funguo za nyumba ambayo mwenyewe alikuwa ameshavunja mlango.

Waliokuja kuulizia makochi yao walikaa, na mtu akikaa vizuri huongea. Ndivyo alivyopata kazi ya pili ambayo hakuiomba, ya kusuluhisha watu. Majirani waliogombania uchochoro walikwenda kwake, na ndugu waliogombania kabati la marehemu walikwenda kwake. Walimwamini kwa sababu hakuwa na pupa. Anayesema wa kwanza huwa na haki daima, aliwaambia, mpaka afike wa pili.

Ila ya jirani huyapimi kwa moyo uleule unaopimia ya nduguyo, na hilo alilijua siku mdogo wake wa kiume alipoingia karakanani na mkoba wake wa koleo na nyaya begani, akajibwaga kwenye kochi bila hata kutazama kama lina sponji. Halikuwa na sponji.

"Shikamoo dada," alisema, akijipangusa nyuma.

"Marahaba. Una nini? Uso umekuvimba kama umekesha."

"Wifi yako anataka kumtupa mtoto."

Mtoto mwenyewe walimwita Chiriku. Alipewa jina hilo alipokuwa mdogo, kwa kuwa alianza kusema mapema na akianza hakunyamaza. Alisemesha kuku, alisemesha viatu. Kisha ikaja homa kali. Chiriku akapona, masikio hayakupona, na maneno machache aliyokuwa nayo yakapukutika moja moja hadi likabaki "mama", na hilo nalo akalitamka kwa sauti nzito isiyo yake. Jina hawakulibadilisha. Nani angekuwa na moyo wa kulibadilisha? Sasa alikuwa na umri wa miaka tisa, ana meno makubwa na macho yasiyopitwa na kitu.

Kilichowagombanisha wazazi wake ni shule. Mama yake, aliyekuwa akiuza katika duka la dawa, alisikia habari za shule ya bweni ya watoto viziwi, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Alitaka binti yake aende. Baba yake alisema mtoto haendi popote, atabaki katika shule ya mtaani aliyoizoea.

"Nisikilize, dada," alisema fundi umeme. "Hapa kila mtu anamjua. Akivuka barabara, muuza mkaa anasimamisha magari. Ana rafiki yake wa kuruka kamba. Akipelekwa huko atalelewa na kengele, na kengele yenyewe haisikii! Atarudi amekuwa mtu mzima, anatuamkia kama wageni. Nimezaa mtoto, sikuzaa mpangaji."

Mama Makochi alitikisa kichwa kwa huruma. Hakumuuliza swali hata moja.

Kesho yake mchana akaja wifi, bado amevaa koti jeupe la dukani. Alisimama mlangoni.

"Kaa basi, wifi."

"Sikai. Nikikaa nitalia, na sikuja kulia. Najua ndugu yako ameshafika, na damu ni nzito kuliko maji. Nimekuja tu usije ukasema kesho kwamba sikusema." Akaegemea mwimo wa mlango. "Anasema kila mtu anamjua Chiriku. Kweli. Nani anaongea naye? Watu wanamshika shavu, wanampa pipi. Akiulizwa jambo anatabasamu. Umewahi kuliona tabasamu lile, wifi? Anatabasamu kwa kila kitu kwa sababu hajui ameulizwa nini. Mtoto wa miaka tisa hajui jina langu. Hajui kwamba vitu vina majina."

Mama Makochi akaanza kuuliza. Shule hiyo inaongozwa na nani? Bweni lina walezi wangapi? Mtoto akiugua usiku, ataonyesha vipi kinachomuuma? Na likizo je? Na kama hapendwi huko? Wifi alijibu kwa utaratibu, kidole kimoja kikichezea kifungo cha koti, hadi mwishoni akasema kwa sauti ya chini, "Na yeye ulimuuliza yote haya?" Akaaga, akaenda zake.

Neno lile lilimchoma Mama Makochi. Aliketi na mkasi mkononi, kitambaa kikamsubiri. Mdogo wake alipita kama maji. Wifi mtu alichujwa mpaka kwenye makapi. Na sababu aliijua, ingawa hakutaka kuiangalia usoni. Kila jioni Chiriku alikuwa hapo karakanani. Alimpangia vifungo kwa rangi, alimshikia kitambaa kikivutwa, alilala kwenye kochi lililokawia kuchukuliwa. Mama Makochi alikuwa mjane, mwanawe wa pekee alikuwa ameshaoa na kuhamia nyumba yake mwenyewe. Chiriku akienda, jioni zake zingebaki na nani? Alijiona kama muuza nyama anayeegemeza kidole kwenye mizani huku akimchekea mteja.

Akaamua asiamue kwa kukaa. Kwanza alikwenda shule ya mtaani, akaomba kuketi nyuma ya darasa. Mwalimu alikuwa mtu mwema. Alimweka Chiriku dawati la mbele na kila mara alimgeukia. Chiriku alinakili ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wote. Mwalimu alipotoa mfano wa kuchekesha na darasa zima likaangua kicheko, Chiriku aligeuka kuwatazama, kisha naye akacheka, nyuma yao kidogo. Mama Makochi aliinamisha macho. Lakini kengele ya mapumziko ilipolia, rafiki wa kuruka kamba alimshika mkono wakatoka mbio, na uwanjani wawili wale walikuwa na ishara zao chungu nzima za kugombania zamu. Hapo hapakuwa na mtoto wa kuhurumiwa. Mdogo wangu hakutia chumvi, alijiambia.

Kisha akafunga karakana, akapanda basi, akaenda kuiona shule ya bweni. Alifika watoto wakiwa kwenye chakula. Alitarajia ukimya, akakuta makelele ya vijiko, viti na miguu, na juu ya makelele hayo mikono. Mikono ilisengenya, iliapa, ilikatizana. Msichana mmoja wa rika la Chiriku alisimama kuhadithia kisa, na jinsi alivyoonyesha mtu mnene akikwama mlangoni, meza nzima iligaragara, na Mama Makochi, asiyejua hata neno moja, akajikuta anafuta machozi ya kicheko.

Jioni, mlezi wa bweni alimtembeza. Langoni walimkuta mtoto mdogo ameshika nondo kwa mikono miwili, anatazama barabara.

"Huyu ni mgeni," alisema mlezi. "Watalia, watazoea. Nikikuambia hawalii nitakuwa nakudanganya."

"Na wakizoea?"

Mlezi alifikiri. "Wakizoea, taabu inahamia likizo. Wanarudi kwao wamejaa maneno, na nyumbani hakuna anayejua hata moja. Wapo wanaoniomba wasiende. Wazazi wanatuletea watoto, lugha wanatuachia sisi."

Njia nzima ya kurudi Mama Makochi alitazama dirishani asione kitu. Alikuwa ametumaini kwamba safari ingemwondolea upande mmoja. Badala yake kila upande ulikuwa umeongezeka uzito.

Ndipo lilipomjia wazo ambalo alijishangaa lilikawia wapi: mwenyewe Chiriku anataka nini? Jioni ile alimketisha kwenye kochi, akajaribu. Alielekeza kidole mbali. Chiriku akatazama huko. Alichora nyumba kubwa hewani, akaonyesha watoto, akaonyesha kulala. Chiriku akalaza kichwa akafumba macho, kisha akafumbua jicho moja kuona kama amepatia. Mama Makochi alionyesha basi, akaonyesha mama na baba wanabaki, akafungua viganja: je? Chiriku alimtazama kwa bidii kubwa. Kisha akatabasamu, tabasamu lile lile alilosema wifi, akatikisa kichwa kukubali. Shangazi yake akaonyesha hapana kwa kidole, Chiriku akakubali vilevile. Angekubali lolote. Mama Makochi alimkumbatia ili asimwone uso.

Siku ya mapumziko aliwaita wote wawili. Walikaa ncha mbili za kochi refu la wateja, katikati pangetosha watu watatu.

"Leo hakuna atakayesema lake," aliwaambia. "Yenu nimeyasikia hadi nimeyaota. Wewe mume utasema la mkeo, mpaka mwenyewe aseme umelisema sawasawa. Halafu na yeye."

"Huu nao ni mchezo gani, dada?"

"Sema."

Fundi umeme alikohoa. "Anasema... anaona mtoto ni mzigo hapa nyumbani."

"Sikusema hivyo!" wifi aliruka.

"Rudia," alisema Mama Makochi.

Alirudia, akakosea tena. Mara ya tatu alianza polepole, kama mtu anayepapasa swichi gizani. "Anasema... Chiriku yuko kati yetu lakini hayuko nasi. Sisi tunamzoea, yeye anapitwa. Kila siku inayopita ni maneno ambayo hatayapata tena. Na anaogopa tukifa yeye atabaki anatabasamia watu asiowajua."   Wifi alitikisa kichwa kukubali.

Ilipofika zamu yake, wifi hakuanza na bweni wala kengele. "Mume wangu alipelekwa kukaa na watu akiwa mdogo," alisema akitazama sakafu. "Hajawahi kunisimulia, ila akiota huwa anaomba aletwe nyumbani. Anasema mtoto ukimtoa mkononi mwako, hurudi akiwa wa mkono mwingine. Anaogopa Chiriku atadhani tumemfukuza, na hatutakuwa na njia ya kumwambia sivyo."

Mama Makochi alimgeukia mdogo wake. Yeye alikuwa msichana mkubwa wakati mdogo wake alipopelekwa kwa mjomba, na alikuwa akijua siku zote kwamba kijana alirudi mnene na mwenye afya. La ndoto hakulijua.

"Ni hivyo?" alimuuliza.

"Ni hivyo," alisema, akijifuta kwa kiganja.

Wakamtaka aamue. Alikataa, wakamshikilia. Basi akawaeleza yote aliyoyaona, la darasani na la kamba, la mezani na la langoni, na namna alivyoshindwa kumuuliza mtoto swali. "Na mimi nilikuwa na upande tangu mwanzo," aliongeza. "Nilitaka abaki, kwa ajili yangu mwenyewe. Hilo liondoeni kwenye hesabu. Nikishaliondoa, naona nyote mna haki, ila mzani unaelemea kwa mama yake, kwa unyoya. Tukikosea kumpeleka, siku moja ataweza kutuambia tumekosea. Tukikosea kumbakiza, hata hilo hataweza kutuambia. Lakini hofu ya baba yake si upuuzi, mlezi wa bweni ameisema kwa mdomo wake. Akienda yeye kujifunza, na sisi tujifunze. La sivyo asiende."

Chiriku alikwenda. Kabla ya hapo walimpeleka kutazama, akalala mle siku chache na mama yake, ili ajue kwamba kuna kwenda na kurudi. Hata hivyo siku ya kuachwa ilikuwa mbaya. Chiriku alipoelewa, alimpa baba yake mgongo na hakugeuka. Fundi umeme alirudi kazini na kwa majuma mengi alikuwa mtu wa kusahau zana juu ya ngazi za watu. Likizo ya kwanza mtoto alirudi amekonda, na rafiki wa kuruka kamba alikuwa ameshapata mwenzi mwingine. Baba mtu hakusema "niliwaambia", ila alilitafuna, taya likionekana. Mama Makochi hakumlaumu. Ilikuwa haki yake kulitafuna.

Wao walikuwa wakijifunza lugha ya ishara kwa kijana mmoja kiziwi, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuja karakanani jioni. Wifi alishika haraka. Mama Makochi, kwa vidole vilivyokomaa kwa misumari, alishika nusu. Fundi umeme alikuwa wa mwisho, na hakukosa hata jioni moja.

Likizo ya mwaka wa pili, Mama Makochi alikuwa amepiga magoti akikaza mkanda wa kiti, mara baba na binti wakaingia, wamenuniana. Chiriku alitaka kwenda sokoni peke yake. Baba yake alikuwa amekataa. Mtoto akaanza kutoa hoja, na mikono yake ilikwenda kama mvua ya mawe. Alihesabu sababu, aliiga namna anavyotazama kulia na kushoto, akauliza kwa nini binti wa kinyozi anaruhusiwa, na ni mdogo kuliko Chiriku. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Makochi kumwona akimkatalia mtu mzima.

"Polepole!" baba yake alilalamika kwa mdomo na kwa mikono. Jasho lilikuwa likimtoka. Akajikusanya, akajibu kwa ishara kubwa za mtu mwenye mamlaka, kumkumbusha nani ni baba. Chiriku akaganda. Akamwangalia baba yake, akamwangalia shangazi yake, kisha akaanguka kwenye kochi akicheka, miguu hewani, kicheko chake kizito kikijaza karakana.

"Nimesema nini?" aliuliza fundi umeme.

Mama Makochi aliwaza kidogo, akirudia ishara ile kwa vidole vyake. "Nadhani umemwambia kwamba wewe ndiye kabati lake."

Wifi alisimama mlangoni, amevaa koti lake jeupe, akiuliza kuna nini. Chiriku aliinuka, akamshika mama yake mkono, akaanza kumsimulia.